Maji Yatakupwa Saa Nne: Zanzibar na Mtoto Mwenye Usonji

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Zanzibar ni safari ya kuamua Ijumaa mchana. Unatia nguo mbili tatu kwenye begi, unamwambia mwenzako "twende zetu", na baada ya saa mbili hivi za boti mko Malindi mnaulizana mle urojo kwanza au mtafute chumba. Ndiyo maana fungate za watu wengi zimeanzia huko, na ndiyo maana makala za kukisifu kisiwa hicho hazihesabiki. Hii ni kwa ajili ya wale ambao "twende zetu" ni neno ambalo hawalitamki tena, kwa sababu nyumbani kuna mtoto ambaye hawezi kuamuliwa safari Ijumaa mchana.

Nazungumzia watoto wenye usonji. Mwaka huu nimesafiri na mmoja wao, mpwa wangu wa miaka minane, akiwa na wazazi wake, yaani dada yangu na shemeji. Nyumbani anaitwa bwana mdogo, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Wazazi wake walikuwa na miaka minne hawajalala nje ya nyumba yao pamoja. Harusi ya mwisho waliyohudhuria waliondoka kabla ya chakula, mtoto akiwa ameziba masikio na dada analia kwenye gari. Bibi yake mzaa baba, anayeishi Jambiani, hakuwa amemuona tangu alipokuwa anatambaa.

Dada alikuwa anasema mtoto asisumbuliwe, mradi yuko salama nyumbani. Shemeji alikuwa anasema mtoto azoeshwe, la sivyo atazeekea chumbani. Wamegombana juu ya hilo mpaka wakaacha. Na nyinyi mlio kwenye ndoa mnajua, mke na mume wakiacha kugombana juu ya jambo ambalo halijaisha, hapo ndipo pa kuogopa.

TABIA, USONJI NA HOFU

Kabla hatujapanda boti, tuelewane kwanza. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, na hauletwi na malezi ya mama. Wala hauletwi na chanjo. Ile makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet iliyozua uvumi huo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyoumbika, na inagusa jinsi anavyowasiliana na watu, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikilia utaratibu wake. Wataalamu husema ni wigo, maana watoto wake hawafanani. Mmoja haongei kabisa, mwingine atakueleza habari za injini ya treni mpaka ulale.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika juu ya watoto 11 wa aina hii mwaka 1943, aliona jambo ambalo wengi tulilipita haraka. Aliona kwamba kung'ang'ania kwao mambo yabaki vilevile kumejaa wasiwasi. Tangu siku hiyo hofu ilikuwa pale pale mbele ya macho, ila watu waliiita ukaidi.

Sasa ongeza hapo tabia ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1956 huko New York, madaktari wawili ambao pia walikuwa mke na mume, Stella Chess na Alexander Thomas, walianza kuwafuatilia watoto tangu uchanga na wakaendelea nao kwa miaka mingi. Waliona kila mtoto huja na mwenendo wake. Kuna mwepesi kuzoea, kuna mkali, na kuna yule wa taratibu ambaye kila kitu kipya hukiangalia kwanza kwa mbali. Hao wa taratibu walikuwa kama 15 kati ya kila 100, na hawa si watoto wenye usonji, ni watoto tu. Chess na Thomas walisema kinachoamua mtoto atakuwaje ni jinsi mwenendo wake unavyoendana na watu na mahali alipo. Ukifikiria, hata ndoa ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo ndani ya mtoto mmoja mwenye usonji kuna mambo matatu. Kuna usonji wenyewe, kuna tabia yake aliyozaliwa nayo, na mara nyingi kuna hofu. Shida ni kwamba ukiwa nje huwezi kuyatenganisha. Mtoto kakataa kuingia ukumbini. Je, ni kelele zinamuumiza? Ni mzito wa kuzoea? Au anaogopa kitu ambacho hajui kukisema? Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti 31 zenye watoto zaidi ya 2,000 wenye usonji, wakakuta karibu 40 kati ya kila 100 wana hofu ya kiwango ambacho daktari angeiita tatizo la kutibiwa. Iliyoongoza ni ile ya kitu mahususi, kama mbwa, sindano au ngurumo. Kwa maneno mengine, wengi kati ya hao tunaowaita wabishi wanaogopa.

Safari ina uzuri mmoja. Inakutoa kwenye mazoea, na yale mambo matatu yanaanza kuachana mbele ya macho yako.

BANDARINI

Dada alijiandaa wiki tatu. Alitafuta picha mtandaoni, akazichapisha na kutengeneza kijialbamu chenye kurasa kumi na moja: geti la bandari, mashine ya kukagua mizigo, foleni, ngazi ya boti, kiti, bahari, jaketi la kuokolea, Malindi, gari, Jambiani, bibi. Chini ya kila picha kuna sentensi fupi. "Hapa tutasubiri. Kutakuwa na watu wengi. Baba atanishika mkono." Si jambo alilolibuni yeye. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, alianza kutumia hadithi fupi za aina hii na wanafunzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo zinatumika karibu kila mahali.

Kijialbamu kilifanya kazi mpaka ukurasa wa pili. Kilichokosekana humo ni wachukuzi. Anayejua bandari ya Dar asubuhi ataelewa: hujateremka vizuri, begi lako tayari liko mkononi kwa mtu. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa ya kutafuta riziki yake, alimnyanyulia bwana mdogo begi lake la mgongoni.

Mtoto alipiga ukelele ambao uliigeuza foleni nzima. Akakaa chini, mikono masikioni, akawa anayumba mbele na nyuma. Watu wakaanza kutoa ushauri, si unajua Waswahili. Mchapeni. Mpeni maji. Mama mmoja aliyevaa vizuri tu akasema kwa sauti ya kutusikiza, "Huyo angekuwa wangu, angenyamaza zamani."

Dada hakumjibu. Alichuchumaa hatua mbili kutoka kwa mtoto, bila kumgusa na bila neno, akafungua kijialbamu kwenye picha ya kiti cha boti na kukiweka chini. Shemeji akasimama katikati ya mtoto na watu, mgongo kwao, mpana kama kabati. Nilimuangalia nikafikiri, kumbe hata yeye amejifunza.

Wazazi wapya kwenye mambo haya, hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Mtoto anayedeka huangalia kama unamuona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Mtoto aliyezidiwa haangalii mtu. Mwili wake umeshaamua kuna hatari, na kila neno lako, hata la upole, ni kelele nyingine juu ya kelele. Kumchapa hapo ni kumthibitishia kuwa hatari ipo kweli. Unapunguza sauti, unapunguza watu, unasubiri. Tulisubiri dakika kumi na moja. Najua idadi kwa sababu mwenyewe alituambia baadaye, alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi muda wote.

Alipoinuka, alichukua begi lake, akamwambia yule mchukuzi, "Hili ni langu," na akaendelea na foleni. Kijana wa watu akaomba radhi.

Ndani ya boti tulikuwa na mtoto mwingine kabisa. Kila kitu kilikuwa kama kwenye picha: viti vina namba, jaketi lipo, mlango wa dharura umeandikwa. Alivaa hedifoni zake kubwa za kuzuia kelele kwa sababu ya televisheni, akakaa dirishani. Baada ya kuliacha lango la bandari upepo wa kusi ulikuwa bado una nguvu, boti ikaanza kucheza, na wahudumu wakapita wakigawa vifuko vya wanaotapika. Niliomba viwili. Bwana mdogo alikuwa anafurahi. Baadhi ya watoto wenye usonji hupenda sana kubembea, na yeye alipata bembea ya bure ya saa mbili. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Mama mdogo, umejaza kifuko kimoja au viwili?"

MJI MKONGWE

Tulilala usiku mmoja mjini, na sitasema mengi, maana Mji Mkongwe mnaujua. Ni mahali pagumu kwa mtoto anayeogopa kushtukizwa. Vichochoro ni vyembamba, kona haionyeshi mbele, na pikipiki hutokea na honi yake ukiwa hujajiandaa. Lakini ukiingia ndani zaidi kuna ukimya ambao Dar es Salaam huupati hata saa tisa ya usiku, na kuna milango. Bwana mdogo alihesabu vichwa vya shaba kwenye milango mikubwa ya mbao, mlango kwa mlango, na hatukumharakisha.

Forodhani tulikwenda saa kumi na moja jioni, kabla moshi, taa na sauti za wauzaji hazijapamba moto, tukawaangalia vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Urojo aliukataa kwa macho tu. Kwa mtoto ambaye hataki wali uguse maharage, bakuli lenye viazi, bajia, embe na pilipili vyote vikiogelea kwenye mchuzi mmoja ni kama umemtukana. Alikula boflo na yai la kuchemsha, usiku na asubuhi.

Jambo moja la pale nataka mlichukue. Shemeji alipomsimulia juu ya Beit al Ajaib, kwamba sehemu yake ilianguka, mtoto aliuliza, "Litaanguka tena lini?" Akauliza tena. Na tena, kama mara tisa. Mzazi mwingine angesema "usiogope, twende". Dada alimjibu kwa habari kamili: jumba lilijengwa 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, sisi tunalala nyumba nyingine, mtaa mwingine, na kesho saa tatu tunaondoka. Maswali yakaisha. Swali linalorudiwa rudiwa mara nyingi ndiyo njia ya mtoto huyu ya kusema ana hofu. Dalili nyingine ni tumbo kumuuma kila asubuhi ya safari, usingizi kukatika, kuyumba kuliko kawaida, au kushikilia utaratibu wake kwa ukali zaidi. Mtoto anaweza asijue kabisa neno "naogopa".

JAMBIANI

Barabara ya kwenda kusini mashariki inapita msitu wa Jozani. Hapo madereva hupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa Unguja wasiopatikana nje ya visiwa vya Zanzibar. Bwana mdogo alihesabu matuta. Tuliwaona kima wanne, akasema wanne wanatosha.

Tulifika Jambiani alasiri, bahari imejaa mpaka karibu na ngazi za nyumba ya bibi, rangi yake ile ya samawati ambayo kwenye picha watu hudhani imetiwa rangi. Bibi alitoka na mikono miwili mbele. Kwa desturi ya huko mjukuu anamwamkia bibi yake na kuubusu mkono. Mjukuu wetu alipita pembeni yake bila kumtazama, akaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni.

Uso wa shemeji ulishuka. Mtu mzima mwenye shahada mbili na ofisi yake mjini, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto aliyeleta ripoti mbaya ya shule. Akaanza, "Mama, usimchukulie vibaya, huyu..."

"Mwache, mwanangu," bibi akamkatiza. "Mgeni huangalia kwanza pa kutokea. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo, ulipelekwa chuoni siku saba ukikaa chini ya mkungu nje."

Dada akamgeukia mumewe. Miaka yote hiyo alikuwa hajaisikia habari ya mkungu. Siku za mwanzo majirani wawili watatu walikuja na maneno yao, mara mtoto ana shetani, mara kuna mzee fulani apelekwe. Bibi alimsomea mjukuu wake dua kama anavyowasomea wote, na alipoulizwa zaidi akasema dua haigombani na daktari. Mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Kilichotokea asubuhi ya kwanza ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Bwana mdogo aliamka, akatoka barazani, na bahari haikuwepo. Waliofika pwani hiyo wanajua: maji yakipwa yanaondoka kweli kweli, yanabaki mchanga, madimbwi na nyasi za baharini mpaka kwenye mwamba ambako mawimbi yanaonekana kama mstari mweupe. Sisi tunapiga picha. Kwa mtoto ambaye jana aliona maji kwenye ngazi, ilikuwa ni kama mtu ameamka akakuta barabara ya mtaani kwao imechukuliwa. Alikimbilia ndani, akaingia chini ya kitanda. "Bahari imekwenda wapi? Bahari imekwenda wapi?"

Bibi alikuwa amejifunga kanga kiunoni, yuko njiani kwenda kwenye mwani na wenzake. Jambiani na Paje ni kati ya vijiji vilivyoanza kilimo hicho mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Alirudi, akainama, akazungumza na chini ya kitanda. "Imekwenda kwao, mjukuu wangu. Inarudi saa kumi."

Kimya. Halafu sauti ndogo: "Saa kumi na dakika ngapi?"

Bibi akacheka mpaka akakaa. "Mie sina dakika, nina bahari tu."

Shemeji akachukua simu, akatafuta jedwali la maji. Saa kumi na dakika kumi na moja. Tokea saa tisa mtoto alikuwa nyuma ya dirisha na saa yake. Maji yakaja, kwanza mistari midogo kwenye mchanga, halafu madimbwi yakaungana, halafu mashua zilizolala ubavu zikaanza kuinuka moja moja. Yalipofika ngazini akatangaza, "Imechelewa dakika mbili." Lakini alikuwa anatabasamu.

Kuanzia hapo bibi alikuwa mwalimu wake. Alimfundisha kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku husogea kama dakika hamsini, kwa hiyo leo yakikupwa saa nne, kesho ni karibu saa tano. Alimfundisha bamvua, wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa sana na kukupwa sana, ndipo wakulima wa mwani wanapoingia kazini. Katikati ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kina mama hukaa nyumbani. Bwana mdogo aliyaandika yote. Hapo kuna mabadiliko makubwa kuliko yoyote aliyowahi kuyaona, na hayakumsumbua tena, kwa sababu yanatoa taarifa kabla. Wataalamu wanaofuatilia hofu za watoto hawa wanasema hivyo hivyo: kwa wengi wao, kinachotesa ni kutojua kitakachofuata.

Siku ya pili alisimama mlangoni maji yakiwa yamekupwa. Ya tatu, alishuka ngazi mbili. Shemeji alitaka ambebe tu mpaka mchangani, "akifika ataona hakuna kitu." Dada alitaka arudi ndani. Wakatazamana, nikaona ule ugomvi wao wa zamani unataka kuanza upya mbele ya mkwe. Mtoto mwenyewe akaumaliza. Alichukua lile jedwali lililochapishwa na kuchora msalaba pembeni: kesho, mpaka kwenye mashua ya bluu. Keshokutwa, mpaka kwenye mambo, zile pegi za mwani.

Bila kujua, alikuwa anafanya kile ambacho waganga wa saikolojia hukifanya kliniki. Tiba inayosaidia sana hofu za watoto ni ile ya kumfundisha mtoto kuitambua hofu yake na kuikaribia kwa hatua ndogo ndogo anazozijua mapema, huku wazazi wakishiriki. Mwaka 2020 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 167 wenye usonji, wa miaka 7 hadi 13, na tiba hiyo iliporekebishwa kwa ajili yao ilifanya vizuri zaidi kuliko ile ya kawaida. Maana yake dada na shemeji kila mmoja alikuwa ameshika nusu. Ukimficha mtoto asikutane kabisa na anachokiogopa, hofu inanenepa. Ukimtupa katikati yake kwa nguvu, umemfundisha kwamba hata baba si wa kuaminiwa. Maoni yangu, na shemeji anisamehe, kosa la kumtupa ni gumu zaidi kulirekebisha.

Siku ya tano alikwenda na bibi yake mpaka kwenye mwani. Mimi nilifuata nyuma na viatu mkononi. Na hapo ndipo nilipoiona tabia yake yenyewe, iliyokuwa imefunikwa siku zote. Kumbe ni mtani. Kumbe ni mkarimu, aliwagawia kina mama korosho zake moja moja kwa hesabu sawa. Na ni mbishi wa kweli. Alipopewa kamba afunge miche ya mwani, alikataa kabisa nafasi zisizolingana, akafungua vifundo vya bibi yake mzima na kuvifunga upya. Nilimtazama usoni: ametulia, hana jasho, anapiga mluzi. Huo sasa haukuwa woga. Ndivyo alivyo, na nadhani angekuwa hivyo hata asingekuwa na usonji, maana baba yake hupanga viatu kwa rangi. Kina mama wakamwita fundi. Hakuna aliyembadilisha kitu.

Usiku ule bibi alisema yeye na fundi watabaki nyumbani, wana jedwali la kupanga. Dada na shemeji wakatoka kwa miguu kuelekea ufukweni. Wamerudi saa tano na nusu, mchanga mpaka magotini, na dada amevaa shati la shemeji juu ya gauni. Nilimuuliza kulikoni. "Tumeongea tu," akasema, akaenda kulala.

UKITAKA KWENDA

Safari hii inawezekana, ila ianze mapema. Miezi ya kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, bahari ya mkondo wa Zanzibar huwa na mawimbi zaidi. Mtoto asiyependa kuyumbishwa apelekwe miezi tulivu, au kwa ndege ndogo, ambayo ni kama dakika ishirini angani. Chukueni nyumba ndogo badala ya hoteli yenye muziki, na ulizeni waziwazi kama kuna sherehe wiki hiyo. Bebeni chakula anachokijua. Kwenye picha za safari wekeni pia mambo yanayoweza kwenda kombo, wachukuzi wakiwemo. Dada ameshaongeza ukurasa wao. Na kama hofu ya mtoto inamzuia kula, kulala au kwenda shule, msingoje likizo. Kliniki ya afya ya akili ya watoto ipo Muhimbili, na daktari wa watoto wa karibu anaweza kuwaandikia rufaa.

Sisi tulirudi Dar kwa boti ya mchana. Bandarini mchukuzi mmoja alisogea, bwana mdogo akamuwahi, "Asante, sihitaji," kama mzee wa miaka sitini. Tarehe ya kurudi Jambiani ameshaizungushia duara. Ni bamvua ya mwezi mpevu, mwezi ujao kutwa, na bibi amepigiwa simu akatajiwa saa ya maji kupwa, na dakika zake.